Anslem Tissera na Mpira wa Kioo Uliomsumbua

Marehemu Anslem Tissera alizaliwa hapa mjini Marawila tarehe 4 Februari 1951, mtoto wa pili wa mzee Cyprian na mama Agnes. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo alizaliwa amekunja uso, na waliomfahamu hawakuona sababu ya kubisha.

Alisoma shule ya parokia. Alifukuzwa mara moja kwa kuifungua saa ya mwalimu mkuu ili aone kwa nini inachelewa. Aliirudisha ikiwa inakwenda sawasawa, lakini kuomba radhi alikataa.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi, akawa fundi mitambo hadi alipostaafu mwaka 2011. Huko ndiko alikopata imani yake ya pili baada ya Kanisa, kwamba hakuna lisilotibika kwa mafuta ya nazi. Bawaba ikilia, mafuta. Mtoto akiungua, mafuta. Nywele, viatu, kufuli, vyote mafuta.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Dulcie Peiris, wakajaliwa binti, Roshini. Alipostaafu alinunua gari, Morris Minor ya mwaka 1958, gofu tupu lisilo na vioo, akaifufua kwa mikono yake. Kila kitu kilimtii isipokuwa mpira wa kuzibia ukingo wa kioo cha mbele. Aliuvisha kwenye kioo, akaupaka mafuta ya nazi, akapitisha kamba nyembamba kwenye mfereji wake, mdogo wake Lambert akasukuma kioo kwa nje, yeye akavuta kamba kwa ndani, na ukingo wa mpira ukalipanda bati la gari bila taabu. Siku ya kwanza ya mvua kubwa, wakienda harusini, maji yaliimwagikia sari ya hariri ya Dulcie. Alirudi nyumbani kwa basi, akaapa hatapanda tena gari lile mpaka siku atakayoweza kushuka akiwa mkavu.

Kiapo hicho kilimkosesha Anslem raha. Alibadilisha mpira, akabadilisha tena. Kila mpya ulikaa vizuri majuma machache, kisha ukavimba, ukalegea, pembe zikainuka. Alimlaumu muuzaji, akakilaumu kioo, akamlaumu Lambert kwamba anasukuma kama anayebembeleza mtoto. Nchi nzima inagema mpira, alilalamika, na wa kuzibia kioo kimoja haupatikani. Walipokwenda kuhiji Talawila kwa sikukuu ya Mtakatifu Anna, mke alitangulia kwa basi, naye akafuata nyuma na gari tupu, akila moshi.

Dulcie alimweleza wazi. "Baba Roshini, ni hayo mafuta yako. Hata mpira wa sufuria ya presha ulioupaka umelegea kama andazi kwenye chai. Tumia maji ya sabuni."

"Mama Roshini, mimi nimezeekea kwenye mafuta. Leo nifundishwe na sufuria?"

Machi 2023 moyo ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza kuvuta wala kunyanyua kitu. Septemba ulipofika mpira mwingine, alikaa kitini na chupa yake ya mafuta mapajani. Lambert alikuwa nje ya gari, na Dulcie ndani, ameshika kamba. Anslem alijaribu kunyanyuka, mwili ukakataa. Ilimuuma, wala hakuficha. Akalitazama bakuli la maji ya sabuni aliloliandaa mkewe.

"Haya, sabuni yako," alisema. "Ikivuja, lawama zako."

Kioo kiliingia. Lambert alitaka kulijaribu gari kwa bomba, akakatazwa: bomba si mvua. Basi Anslem akaingoja mvua, kila asubuhi akiulizia mawingu na kulilaani jua. Mvua ikachelewa. Alifariki nyumbani tarehe 11 Oktoba 2023, ardhi ikiwa kavu.

Ameacha mjane, Dulcie, binti yake Roshini na mumewe Nihal, wajukuu wawili, na mdogo wake Lambert.

Yanayofuata hayamo katika ratiba za mazishi mlizoshika, kwa kuwa yametokea leo asubuhi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na Lambert amemleta mjane kanisani kwa ile Morris. Aliposhuka aliipapasa sari yake nyeupe, kisha kiti, kisha pembe za kioo. Kote kukavu. Akaliegemea gari, akalia kwa hasira.

"Sabuni tu, baba Roshini," alisema. "Miaka yote hii, sabuni tu."

Bwana ampumzishe salama, na huko aliko aambiwe: halivuji.