Kompyuta Tatu Zilizo Koridoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mji, karibu katika ofisi ya makaburi ya umma. Wengi huingia humu wakilia. Wewe umekuja na mkasi wa kukata utepe. Tumepiga deki, tumeazima viti kwa majirani, na wachimba kaburi, kama unavyoona, wamevaa viatu. Karibu sana.

TULIKOTOKA

Asiye na uwezo wa kujengea kaburi hupewa kigingi cha mbao chenye namba. Misimu miwili ya mvua, mchwa wamekimaliza. Jina na safu hubaki kwa karani, ambaye kwa miaka kumi na mmoja ameyaingiza kwenye kompyuta tatu. Iliyo kuukuu kuliko zote tunaiita Bibi: haiwaki mpaka ipepewe, na ikiamka huamka na manung'uniko. Lakini haijawahi kumpoteza mtu.

MAFANIKIO

Mwezi uliopita ulituletea kompyuta mpya. Tunakushukuru kwa dhati; zinawaka hata hujavuta kiti. Tulihamisha mafaili kwa flashi siku mbili, kwa zamu, tukakuandikia barua kwamba kazi imekwisha. Tukapongezana.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, mficha uchi hazai. Kazi haikwisha. Jumatatu tulifungua faili la kwanza, kioo kikatuambia halipo. La pili, halipo. Kumbe tulinakili vile vialama vya kubofya vinavyokaa kwenye kioo, mafaili yenyewe yakabaki ndani ya Bibi na wenzake. Majina tuliyaona yamejipanga vizuri, kila mmoja akadhani mwenzake amefungua kuhakikisha.

Mkuu wa wachimba kaburi, Mzee Sepetu, alichungulia dirishani. "Kwa hiyo wanangu mmehamisha vibao, marehemu mmewaacha kule kule?"

"Mzee, si wakati wa utani," karani akamwambia.

"Sitanii, mama. Kesho nitachimba wapi? Nimfukue mtu wa watu?"



Tungerudia kazi, lakini stoo wameshachukua nyaya na kuzipiga kompyuta zile tatu alama nyekundu ya kutupwa; sasa ziko koridoni. Tulipowasihi, msimamizi wao alisema, "Mlisema mmemaliza. Barua ninayo." Lori la vyuma chakavu ndilo lile ulilolipita getini. Linasubiri saini yako kwenye karatasi ya kuziondoa.

OMBI

Hatuombi viti, wala rangi ya ukuta, ingawa unauona. Tunaomba karatasi ile usiisaini leo. Turudishiwe nyaya kwa siku tano. Safari hii mmoja atafungua, mwingine atasoma kwa sauti, faili kwa faili. Adhabu ya kosa letu tutaipokea baada ya hapo, bila kinyongo.

Mheshimiwa, yule mama mwenye mtandio wa kahawia uliyemsalimia kwenye benchi alimzika mwanawe hapa miaka sita iliyopita. Kila mwaka huja, karani humsomea safu na namba, naye huenda kung'oa majani. Leo tumemwambia, "Mama, subiri kwanza mgeni aondoke."

Akatujibu, "Sina haraka, wanangu. Na mwanangu haendi popote."

Bado yuko pale. Ukitoka utampita tena.

Mungu akujalie wepesi wa moyo, na mkono usio na pupa ya kalamu.

Ni sisi, makarani, walinzi na wachimba kaburi wa makaburi ya umma.