Neno Alilotaka Kulirudisha Mama Eneida

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Eneida Gittens, mama wa hapa hapa Colón, muuza wali wa nazi. Alifariki Jumapili. Mama Eneida ametutoka.

Wali wake mliula wengi. Hofu yake mliijua wachache. Mumewe, mzee Alcides, alipiga makasia kwenye mfereji wetu wa meli hadi alipostaafu. Mwanawe, Abdiel, anapiga makasia mpaka leo. Meli ikifika kwenye milango ya maji ya Gatún, watu wawili huiendea kwa kiboti, wakapokea kamba yake na kuipeleka ukutani. Na nyumbani kwa wapiga makasia, mtu wa kiboti haagwi. Haambiwi kwaheri. Huambiwa, "Urudi mkavu."

Sasa sikilizeni. Mwaka jana watoto waliwalipia wazee safari ya meli ya watalii, nao wapite mferejini kama wageni. Siku hiyo masanduku yako mlangoni, teksi inapiga honi, Abdiel anakwenda zamu. Katika haraka ile mama akasema, "Kwaheri, mwanangu."

Neno likishatoka halirudi. Melini hakula kitu.

"Mzee, nimemuaga."

"Umemuaga nani?"

"Abdiel. Nimemwambia lile neno."

Mzee Alcides, mnamjua, hucheka hata msibani. Hapo hakucheka.

Walipokaribia Gatún, abiria walijaa ukingoni na kamera zao. Mama alijipenyeza mpaka mbele, kilemba chake cha njano kichwani. Chini kabisa, kiboti. Ndani yake, Abdiel. Akavuta pumzi apige kelele. Mzee akamziba mdomo.

"We mwanamke, unataka kumuua? Akitazama juu sasa hivi, kamba inampita!"

"Basi nifanye nini?"

"Nyamaza. Hata mimi natetemeka."

Wasikilizaji, kiboti kikaingia chini ya pua ya meli. Hakikuonekana tena. Meli inasonga. Abiria wanacheka, wanapiga picha. Mama anauma kilemba chake, ameking'oa kichwani bila kujua. Kiboti hakionekani. Mzee akaanza kusali, yeye ambaye kanisani hupelekwa kwa kuburutwa.

Kisha kikatokea upande wa pili, kamba mkononi mwa Abdiel. Kamba ikafika ukutani.

Hapo mama akafungua koo. "Urudi mkavu! Abdiel, urudi mkavu!" Watalii wakageuka wakimshangaa. Yeye hana habari. Kule chini, kasia likainuliwa juu.

Jana nilimuuliza Abdiel kama alimsikia. "Nisikie wapi, kaka? Ile meli inaunguruma! Niliona kitambaa cha njano kinapungwa. Nikasema, huyo ni mama, na najua anachosema."

Jioni alirudi mkavu. Mama hakujua hadi aliposhuka melini. Alimshika Abdiel mashati, akaukagua hadi mkunjo wa suruali, ndipo akaomba chakula.

Mzee Alcides, Abdiel na ukoo wote wa Gittens, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nasi tuliobaki tujiulize: leo asubuhi, yule aliyetoka mlangoni, tulimwambia nini?

Jana makaburini mvua ilitushukia, mvua yetu ya Colón isiyo na adabu. Padri akasema ni wakati wa kumuaga marehemu. Abdiel akatikisa kichwa. Akafungua mwavuli, akaushika juu ya jeneza, mwenyewe akalowa chapachapa.

"Nenda mkavu, mama," akasema.