Vipande Vinne vya Bi Mwahija wa Kinjumbi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Mwahija Likwata, mkulima wa mboga wa Kinjumbi. Bi Mwahija alifariki Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane.

Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Vipande vinne tu. Nyanya zake za kwanza zilinyauka zote kwa ugonjwa wa udongo, naye akaapa kutozirudisha palepale upesi. Zikitoka nyanya, zinaingia kunde. Baada ya kunde, mchicha. Halafu vitunguu. Nyanya zilirudi mahali palepale mwaka wa tano. Mwaka wa tano, wasikilizaji. Majirani walimcheka, kisha wakaja kumwomba mbegu.

Ndipo ilipokuja mvua kubwa ya dhoruba. Bahari ikapanda kupitia mikokoni, ikalala bustanini siku tano. Maji yalipoondoka, chumvi ilibaki. Udongo ukafanya ukoko mweupe. Kisima nacho kikaharibika.

Bi Mwahija hakuacha. Alimwaga samadi, akabeba maji ndoo kwa ndoo kutoka kisima cha mbali. Zamu ya nyanya ilipofika, alipanda nyanya. Zikaungua majani kabla ya kufika gotini. Mdogo wake, Saida, alimsihi apumzike. Alimjibu kwamba akiacha, hatajua aamke kufanya nini.

Mwaka huu miguu ilimvimba, akawa wa kitandani. Binti yake, Zuwena, alitusimulia hivi:

"Mama aliniambia, 'Kipande cha mlangoni ni zamu ya kunde.' Nikapanda. Nilijua hazitaota, na hazikuota. Kila asubuhi akiniuliza, namwambia zimeota, zina majani mawili. Siku moja akataka nimletee jani. Nikaenda kulichuma kwa mama mdogo Saida, Somanga. Mama akalishika, akalipapasa. Akasema, 'Hizi si zangu, mwanangu.' Hakuuliza tena."

Hakuuliza tena, wasikilizaji. Siku ya tatu akafariki. Vipande vyote vinne viko vitupu, na Zuwena anasema hatalima.

Tunampa pole Zuwena, tunampa pole Bi Saida na ukoo wote wa Likwata. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Nawe unayetusikiliza, pengine jirani yako analima ardhi iliyokufa. Usimdanganye. Huenda huna la kumsaidia. Nenda ukakae naye tu.