Paji la Uso la Mwavita

Mheshimiwa Administrateri wa Teritware, Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu, waheshimiwa masheikh na mapadri mlioketi pamoja safu ya mbele, Papa Fabrice, mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, na wajumbe wako, walimu wetu, wazazi mliotoka hapa Kasongo, Nyangwe na hata Kabambare, wanafunzi wenzangu, na wewe, Mwalimu Antoine, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha uchoraji: nawasalimu nyote kwa heshima.

Jina langu ni Esther-Divine, mwanafunzi wa mwaka wa tano na msemaji wa Klabu ya Wahakiki wa Sanamu. Nilipewa karatasi ya kusoma. Inasema kwamba leo sanamu zetu tisa zinang'aa kuliko siku zote. Ni kweli, zinang'aa. Lakini karatasi hiyo nimeikunja, kwa sababu aliyenifundisha kuangalia sanamu ameketi hapa, naye hakunifundisha kusifu mng'ao.

Wageni wetu huenda hawajui sanamu hizi zilitoka wapi. Kila muhula wanafunzi wa shule hii huchora kitabu cha katuni, nacho hupita mkono kwa mkono mpaka kinachanika. Mwalimu Antoine alichagua wahusika tuliowapenda zaidi, akampelekea michoro Fundi Hamadi wa Nyangwe, mchonga mitumbwi, akamwomba awachonge wakubwa kuliko watu. Kwa miaka kumi na sita zikaja moja baada ya nyingine, kila moja gogo zima, mita mbili na nusu, kwa mtumbwi hadi bandarini, kisha kwa mkokoteni hadi hapa, na wenye pikipiki wakisimama njiani kuzipigia honi.

Tulizikusanya, lakini si kwa kujisifu. Mwalimu alitupa sheria: izunguke sanamu mara tatu bila kusema neno, kisha taja kosa moja, ulionyeshe kwa kidole, sifa zije baadaye, kama bado unazo. Alipoletwa Kapita Ngumi, lile jitu la hadithi zetu linaloogopa kuku, mwanafunzi mmoja alisema miguu ni midogo, akirusha ngumi ataanguka. Fundi Hamadi hakukasirika. Alicheka, akasema, "Mutoto, iko kweli. Kama ingekuwa mutumbwi, sisi wote tungeshakunywa maji." Akamchonga upya kuanzia magotini kwenda chini.

Miaka mitatu iliyopita akaja Mwavita. Mnamjua: ni yule mwanamke wa katuni zetu anayebeba mchele kutoka Kabambare hadi Kasongo, kitunga mgongoni, kamba ya kukibebea ikikaza kwenye paji la uso, na kila anayemwekea kizuizi njiani hujuta. Fundi alimchonga akipumzika, kitunga kimeshuka miguuni, kamba iko mkononi. Nilimzunguka mara tatu, nikanyoosha kidole. "Mwalimu, hapa fundi amekosea. Mti umepasuka. Kuna bonde usoni toka sikio mpaka sikio."

Wenzangu walinipigia makofi. Mwalimu hakupiga. Aliniambia, "Ukifika nyumbani, mwombe mama yako avue kitambaa."

Mama yangu, Anastasie, aliniuliza, "Unataka nini na kichwa yangu?"

"Mwalimu amenituma."

"Sasa mwalimu yako iko anafundisha vichwa vya watu?"

Akavua, huku anacheka. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na minne bila kuliona bonde lile lile. Niliweka kidole kwenye paji lake, kikalala humo chote. Nikamuuliza kama linauma. "Iliumaka zamani," alisema. "Sasa kamba inajua njia yake."

Kesho yake nilisimama mbele ya klabu, nikafuta hukumu yangu.

Ndugu wageni waalikwa, sasa nije kwenye hasira yangu, maana sina njia ya kuificha. Sote tunaijua desturi yetu: ikisikika kwamba mkubwa anakuja, mawe ya kando ya barabara hupakwa chokaa, miti hupakwa chokaa, na mbuzi akisimama vibaya hupakwa naye. Mawe hayalalamiki. Lakini Jumatano, wakati sisi tuko darasani, Kamati ilichukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango ya ofisi, ikazipaka sanamu zote tisa. Alama za tezo ya kuchongea, ambazo fundi aliziacha kwa makusudi ili mwanga upate pa kutembea, zimezama chini ya rangi. Na Mwavita, huyu aliyesimama nyuma yangu, alijazwa mastiki kwenye paji la uso, ile dawa ya kuzibia kuta, akasuguliwa kwa msasa, akapakwa rangi ya chai ya maziwa.

Nilimfuata Papa Fabrice, nikamuuliza kwa adabu: "Papa, kwa nini?"

Akanijibu, "Mutoto wangu, ungetaka wageni waone sanamu iko na ufa? Tumemurembesha. Sasa iko mwanamuke muzuri."

Papa Fabrice, wewe ni rika la baba yangu, na najua hukuamka ukiwa na nia mbaya. Mimi mwenyewe niliita bonde lile ufa. Lakini mimi nilikosea kwa kidole, ninyi mmekosea kwa mastiki. Na kidole hurudishwa. Je, kulikuwa na ugumu gani kuuliza? Fundi Hamadi yuko Nyangwe, si mwezini. Mwalimu Antoine alikuwa chumba cha pili, akifunga vitabu vyake. Na kama mliona aibu, mliona aibu ya nini hasa? Mchele wa Mwavita mmeula. Ukumbi huu mnaokalia, mchanga wake uliletwa na gari gani? Ni akina mama walioupandisha kutoka mtoni, vitunga kwa vitunga, na kamba zilikaa pale pale mlipopaona pabaya. Leo wako hapa, nyuma kabisa, na kutoka hapa nilipo naona vitambaa vimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mmewaambia nini mama zetu kwa mastiki ile?

Asubuhi hii Fundi Hamadi alifika kumuaga rafiki yake. Alimzunguka Mwavita mara tatu bila neno, kama tunavyofanya. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?" Akasema, "Mwanamuke huyu hajabeba kitu hata siku moja." Huo ndio uhakiki wa sanamu hii, Mheshimiwa, nami sina cha kuongeza.

Mwalimu Antoine, jana uliniomba nisiharibu sherehe yako. Umetufundisha miaka yote hii kusema kosa mbele ya mwenye kosa, kisha ukataka leo tunyamaze kwa ajili yako. Nisamehe, sikuweza. Watu watasema mengi mazuri juu yako leo, na yote ni kweli. Mimi nimechagua kufanya kazi uliyonifundisha.

Jumatatu Mwavita anapakiwa kwenda Kindu kwenye maonyesho. Huko hakuna anayemjua. Watamwona hivi alivyo, na hivyo ndivyo atakavyokuwa kwao. Rangi tunaweza kuikwangua polepole, hata kwa miezi. Mastiki haingoji. Nimeibonyeza kwa ukucha kabla ya kupanda hapa: juu imekauka, ndani bado ni laini. Fundi anasema kesho itakuwa jiwe, na atakayeitoa atang'oa na mbao.

Kwa hiyo, Bwana Prefe, naomba ruhusa yako sasa, kabla ya chakula, mbele ya mama hawa. Na wewe Papa Fabrice, nakuomba uwe wa kwanza kushika patasi. Sisemi hivyo kukuaibisha. Fundi atakuelekeza mkono, nami nitakushikia ngazi.

Nimesema mengi kuliko umri wangu, nanyi mmenivumilia. Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Fundi Hamadi yuko pale mlangoni na vyombo vyake. Anasubiri neno moja tu, Bwana Prefe.