Mwalimu Aliyejua Mwili Unavyojengwa

Ndugu, jamaa na majirani, mdogo wa kike wa marehemu ndiye anayewasomea maneno haya, na akikwama mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi wa mabehewa na mshona nguo. Alizaliwa mdogo kiasi kwamba mkunga alimbeba kwa kiganja kimoja, akamwambia mama, "Huyu utamlea kwa subira." Mama akamlea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na sekondari mwaka 1977. Akiwa kidato cha pili, aliambiwa darasani kwamba mmea haujengi mwili wake kwa udongo, bali hasa kwa hewa na maji. Hakukubali. Alikausha udongo, akaazima mizani ya muuza duka, akaupima, akapanda mhindi ndani ya debe. Baada ya miezi mitatu mhindi ulikuwa umempita kimo, naye akaukausha udongo, akaupima tena. Ulikuwa karibu vilevile.

"Sasa huu mhindi umetoka wapi?" baba akamuuliza.

"Umetoka hewani, baba. Na kwenye maji."

"Hewani! Basi kuanzia leo na wewe utakula hewa."

Jioni ile baba alimwekea sahani tupu, akacheka mpaka akakohoa, kisha akamgawia chakula cha kwake.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1985, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha biolojia na kemia katika sekondari moja tu, hadi alipostaafu mwaka 2022. Kipindi cha kwanza cha kila mwaka aliingia na kipande cha mkaa na glasi ya maji. Alisema kaboni ina mikono minne, haichoki kushikana: ishikane na hidrojeni na oksijeni upate sukari na mafuta, nitrojeni ikiingia upate protini, ndiyo nyama ya mwili. "Vitu vya kawaida kabisa," alisema, "vimejaa hewani na ardhini. Kazi ni kuvipanga." Wanafunzi wakambatiza jina la Mwalimu Mkaa. Aliitika bila kinyongo, hata barua nyingine zilimfikia kwa jina hilo.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na mpishi mkuu wa shule hiyohiyo, wifi yetu huyu aliyekaa hapa mbele. Walianza kwa ugomvi. Mwalimu alikwenda jikoni kumweleza kwamba maharage yake yana protini nyingi, naye akamjibu, "Yana mawe pia. Kaa hapo uchambue." Akakaa. Baadaye alizoea kuwaambia walimu wenzake, "Sisi tunapiga domo tu. Anayewajenga hawa watoto ni mke wangu." Walijaliwa watoto wawili.

Februari 2024 alianza kutoboa matundu mapya kwenye mkanda wa suruali. Tulimtania kwamba uzee umemrudisha ujanani. Tarehe 3 Mei vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Alikuwa na kilo sabini na moja. Mwezi Agosti alikuwa na hamsini.

Wifi, aliyelisha watoto mia sita kwa siku, hakuweza kumlisha mtu mmoja. Alisaga, alichuja, alipoza. Mgonjwa alikula ili kumridhisha, na bado alikonda. Ndipo wakaja watu wenye nia njema, wakamwambia kwamba chakula anachompa mumewe kinanenepesha uvimbe. Wifi akaacha kumpa maziwa na mayai. Siku nne alimpa maji ya matunda tu.

Siku ya tano mgonjwa akamuuliza, "Mama watoto, jiko limegoma?"

Wifi akaangua kilio. "Wanasema nikikulisha wewe, naulisha huo uvimbe."

"Ukiacha kunilisha, uvimbe utachukua kwenye misuli yangu. Wenyewe hauombi ruhusa."

"Basi nikikupa chakula je?"

"Utachukua humo pia. Unajenga kwa vitu vilevile ninavyojengea mimi."

"Wewe ndiye unayejua mambo haya. Niambie nifanye nini."

Mwalimu aliyejibu maswali kwa miaka thelathini na sita alijiinua akaegemea ukuta.

"Sijui, mke wangu," alisema. "Lete maziwa."

Alikunywa vijiko vitatu. Viwili vikarudi.

Alilazwa wodi namba tano tarehe 29 Septemba. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameshika kikombe kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Tangu siku hiyo wifi anauliza kama zile siku nne ndizo zilizompunguzia maisha. Daktari amemwambia hapana, mara mbili, tena kwa upole. Yeye huitikia kwa kichwa, kisha humgeukia aliye karibu na kuuliza upya. Mlio karibu naye wiki hizi, tunaomba mmjibu kila mara kama vile ndiyo mara ya kwanza. Na wale waliompa ushauri ule, wengine wapo hapa, wasinyooshewe vidole. Walitaka kusaidia. Sote tulitaka, na hakuna aliyeweza.

Marehemu ameacha mjane, binti yake muuguzi na mwanawe fundi umeme, wajukuu watatu, kaka mmoja na dada wawili, pamoja na wanafunzi ambao hakuna daftari linaloweza kuwamaliza.

Apumzike kwa amani, ambayo sisi tuliitafuta kwa kila njia tumpe, tukashindwa.