Utosi wa Nestory

Mimi ndiye ninayemimina kahawa kwenye benchi la Mtendeni, hapa Tabora, kwa hiyo nisikilizwe mimi, maana wengine waliokuwapo siku ile kila mmoja ana habari yake, na zote ni chai. Ilikuwa Alhamisi alasiri, mwezi wa kumi, joto la kukausha mate. Wateja wangu walikuwa wale wale. Mzee Wenceslaus, mstaafu wa reli, tunamwita Stesheni kwa sababu kila habari ya mtaa lazima isimame kwake kwanza. Kornel aliwahi kuuza kwenye duka la dawa miezi miwili, na tangu hapo ni Daktari. Shigela, fundi wa madishi ya televisheni, ni Dishi. Wa nne alikuwa Nestory, mtoto wa Stesheni, karudi juzi kutoka Moshi alikokaa tangu mwezi wa sita.

Safari ya Nestory tulikuwa tunaijua kwa moyo. Kijana alimpigia baba yake simu akasema amepanda Kilimanjaro. Hayo tu. Mengine yote aliyaongeza baba: kwamba alialikwa na Wazungu, kwamba alipanda kama mgeni wa heshima, kabebewa mpaka chupa ya maji, na kileleni akapigiwa makofi, sijui na nani. Keshokutwa ya Alhamisi ile, Jumamosi, walikuwa waende Kaliua kumposa Levina, mchumba wa Nestory, na habari hizo za mlimani ndizo hotuba ambayo mzee alikuwa akiifanyia mazoezi kwenye benchi langu siku ya tatu mfululizo. Nestory alikuwa akiisikiliza huku akitazama ndala zake.

Joto likamshinda kijana, akavua kofia. Utosini palikuwa na upara wa mviringo, ukubwa wa kisahani, ngozi inang'aa.

— Hayo mapunye, nikasema.

Stesheni akanikata jicho. Ukweni hakuendwi na mapunye, na wazazi wa Levina walikuwa watu wa kumkagua mtu mpaka kucha. Akataka maelezo ya kitaalamu. Wataalamu, kwa bahati mbaya, walikuwapo.

Daktari: Hiyo ni baridi. Kule juu damu yote inakimbilia miguuni kupasha moto. Utosi unabaki na njaa. Nywele zinakufa.

Nestory: Baba, kuna jambo nilitaka...

Stesheni: Subiri, Daktari anaongea.

Dishi: Baridi gani itoboe duara namna hiyo? Hayo ni mawimbi. Sisi huku chini televisheni inatufikia ikiwa imechujwa na mawingu. Yeye alikuwa juu ya mawingu. Mpira wote wa Ulaya umepita kichwani kwake.

Stesheni akapenda hiyo. Akainong'ona peke yake mara mbili, kujaribu itakavyosikika Kaliua.

Daktari hakukubali kushindwa na fundi wa nyaya. Akasema basi ni jua, kwa kuwa pale kileleni jua liko karibu kiasi cha kuligusa kwa fimbo. Nikamuuliza, kama jua liko karibu hivyo, theluji inatoka wapi. Akanitazama kwa huruma.

Daktari: Wewe mimina kahawa. Theluji ndilo jasho la jua. Likifika pale linapumzika.

Mimi nikamimina. Niseme nini?

Nestory: Baba, kabla ya Jumamosi nisikilize kidogo.

Stesheni: Jumamosi wewe unyamaze tu. Kuongea niachie mimi.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, beseni la karanga kichwani, jasho linamtiririka. Akaomba msaada, nikamtua beseni. Akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia, akasema anaitwa Gaudensia, katoka Puge, anapeleka karanga sokoni. Akakaa mwisho wa benchi, ngata ya kitenge, ile ya kukalishia mzigo, bado iko kichwani. Nilipompa kahawa, macho yake yalikuwa kwenye utosi wa Nestory.

— Pole, kaka, akamwambia. Ngata yako ilikuwa mbaya. Ulikuwa unabeba nini?

Stesheni akacheka kwa niaba ya wote. Akamweleza mama kwamba huyu hakubeba, huyu alibebewa. Gaudensia akauliza, kwa adabu kabisa, sasa ikawaje aliyebebewa ndiye aliyeota upara.

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Watu wazima wanne wa Tabora, mji uliojengwa na miguu ya wapagazi wa misafara ya kale, tumeshinda tunatazama alama ya mzigo kichwani kwa mtu na kuisingizia mawimbi.

— Mtungi wa gesi, Nestory akasema. Na hema la jikoni. Nimepanda mara sita, baba. Kileleni sijafika hata mara moja. Wapagazi tunaishia kambi ya mwisho, tunawapikia wageni uji wanaposhuka.

Stesheni: Mara sita?

Nestory: Sita. Na wiki ijayo narudi. Kazi naipenda. Levina anajua yote. Ni wewe tu uliyekuwa hujui.

Mzee akaweka kikombe chini. Nilimwonea huruma, ingawa alijitakia. Hotuba yote ya siku tatu ilikuwa imemfia mdomoni.

— Kwa hiyo Jumamosi nisimame mbele ya watu, akasema taratibu, niwaambie nini? Kwamba mwanangu anabeba mizigo? Unataka nife kwa aibu?

Gaudensia alikuwa anamalizia kahawa yake. Nadhani hakukusudia ubaya wowote, alitaka tu kujua.

— Kwani hapa Tabora, baba, kubeba kumeanza kuwa aibu lini?

Daktari akaninyooshea kikombe nimwongezee. Dishi akaangalia juu, bila shaka akisubiri mawimbi. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikammiminia.

— Basi nitwikeni, akasema Gaudensia, soko litafungwa.

Nestory akainuka, akakunja upya ile ngata, akaipanga vizuri kichwani kwa mama. Beseni lilikuwa zito, mtu mmoja asingeliinua. Mzee Wenceslaus akasimama kushika upande wa pili, ila kwanza alitazama barabara yote, juu na chini, kuhakikisha hakuna mtu wa Kaliua anayepita.