Kumbe Hakuna Mwanamke Mwingine

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Ni mimi.

MWALIMU: Mimi nani? Namba siijui.

FUNDI: Mumeo. Nimeazima simu ya jirani hapa karakana. Yangu huipokei.

MWALIMU: Niko darasani, Fundi. Watoto wa chekechea wamelala, wataamka sasa hivi.

FUNDI: Dada yako huko unakokaa hajambo?

MWALIMU: Hajambo. Sema.

FUNDI: Nilikwenda kliniki.

MWALIMU: Ya sukari?

FUNDI: Nilianzia hiyo. Wakanipeleka kwa daktari wa... wa mambo ya kiume. Kwa yale uliyoniambia siku unafunga mizigo. Kwamba nakuja kwako mkavu.

MWALIMU: Nilisema unamaliza kwingine. Usinipunguzie maneno.

FUNDI: Haya. Na ni kweli namaliza kwi— [mtandao unakwaruza]

MWALIMU: Umenipigia kuniambia hivyo?

FUNDI: Ngoja! Ndani. Ndani ya mwili wangu mwenyewe.

MWALIMU: Unakatika. Ndani ya nini?

FUNDI: Kwenye kibofu. Shingo ya kibofu inatakiwa ijifunge wakati ule. Yangu haijifungi, sukari imeharibu mishipa ya fahamu. Basi mbegu hazitoki mbele, zinarudi nyuma. Zinatoka nikienda haja ndogo.

MWALIMU: Nani kakufundisha kusema hivyo?

FUNDI: Daktari. Kanirudia mara tatu, naona alidhani nimesinzia.

MWALIMU: Na wamejuaje?

FUNDI: Waliniambia nimalize mwenyewe, kisha nikojoe kwenye kikopo. Wakaangalia kwa hadubini. Zimo.

MWALIMU: Hai?

FUNDI: Baadhi.

[Nyundo inagonga kwa mbali.]

FUNDI: Mwalimu? Upo?

MWALIMU: Nipo. Mama yako alininywesha mizizi ya uzazi mpaka nikatapika nyongo.

FUNDI: Najua.

MWALIMU: Yule dada wa duka la vitambaa. Nilimtukana mbele ya wateja wake.

FUNDI: Bado nanunua kwake. Ananipimia huku kaangalia ukutani.

MWALIMU: Kumbe hakuna mtu.

FUNDI: Hakuna. Hajawahi kuwepo.

MWALIMU: Ungeniambia basi! Unaona kabisa hakitoki kitu, na wewe unageukia ukutani, unalala—

FUNDI: Nilidhani nimeisha. Mwanamume anasemaje hilo?

MWALIMU: Anasema kwa mdomo.

FUNDI: Kuna dawa za kujaribu, ila kwa mtu wa sukari huenda zisifue dafu. Zikigoma, wanazitoa kwenye mkojo, wanazisafisha, wanakupandikizia wewe. Huenda ishike, huenda isishike. Daktari anataka kutuona wawili. Alhamisi.

MWALIMU: Unaumwa?

FUNDI: Anasema haidhuru.

MWALIMU: Sikumuuliza yeye.

FUNDI: Siumwi popote. Nimekaa juu ya kochi la mteja tangu asubuhi, sijagonga hata msumari mmoja. Wenzangu wananitania, nasikia kama redio ya nyumba ya pili.

MWALIMU: Mimi nilisema siku nikijua hakuna mwanamke nitapiga vigelegele mpaka majirani watoke. Sasa sisikii kitu moyoni, Fundi.

FUNDI: Utakuja?

MWALIMU: Kliniki, nitakuja. Nyumbani sijasema.

FUNDI: Sijauliza nyumbani.

MWALIMU: Umeuliza. Nakujua. [Mtoto analia.] Shhh, lala, mama, lala... Mmoja ameamka.

FUNDI: Na mwenye simu ananikodolea macho, salio lake linakwisha. Alhamisi, basi?

MWALIMU: Alhamisi. Unakula lakini?

FUNDI: Nakunywa chai.

MWALIMU: Ya sukari?

FUNDI: Ya rangi tu, hii hapa.

MWALIMU: Fundi. Chai ya sukari?

FUNDI: Nikiwa peke yangu sioni hata sababu ya kujinyima—

[Simu inakatika.]

MWALIMU: Haloo? Fundi? Imwage hiyo chai! Haloo?